Plagi Moja, Nguvu Mbili

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limechapwa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walirudie darasani.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na penseli yake. Leo nasema hasa na ninyi mlio Mbaha, na jirani zenu wa ufukwe huu wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi mpaka Mbamba Bay. Lakini hata aliye mbali na asikilize, maana umeme ni ule ule.

Kiongozi wa darasa, tafadhali weka mezani adapta moja, au chaja ya simu. Usiichomeke ukutani. Leo hatutaiwasha. Leo tutaisoma.

Somo letu ni hili: namna ya kupata nguvu mbili za umeme, yaani volti 12 na volti 5, kutoka plagi moja ya ukutani.

1. HAJA YENYEWE

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wa Tanzania walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza masomo ya afya redioni. Redio moja ilitosha watu wengi. Siku hizi tunaweza kufanya kazi ile ile kwa njia nyingine pia. Somo hutiwa katika flashi, na darasa likalisikiliza saa lipendayo, likarudia mahali palipokuwa pagumu.

Tuseme darasa lenu limekata shauri kutengeneza kisanduku cha kusikilizia masomo. Ndani yake mtatia vitu vitatu. Cha kwanza ni spika. Cha pili ni amplifaya, yaani kibao cha kukuza sauti. Cha tatu ni kibao cha flashi, kile kidogo ambacho mafundi hukitia katika redio kuukuu ili zicheze nyimbo kutoka kwenye flashi.

Sasa tazameni tatizo. Amplifaya yenu inataka volti 12. Kibao chenu cha flashi kinataka volti 5. Ukutani kuna volti 230, na soketi ni moja. Mtafanyaje?

Mwenye haraka atasema, "Tutie 12 kote." Akifanya hivyo, kibao cha volti 5 kitaungua, pengine bila moshi wala sauti. Mwingine atasema, "Basi tutie 5 kote." Kibao cha flashi kitawaka, lakini amplifaya itanyamaza, au itakoroma. Fedha za kisanduku hiki ni michango ya wavuvi, ya wakulima na ya akina mama wauza usipa. Haifai ziungue kwa dakika moja kwa sababu mtu hakusoma tarakimu iliyoandikwa mbele ya macho yake.

Kabla ya kuendelea, nawapa onyo moja dogo. Someni kwanza kibao chenyewe. Vipo vibao vya flashi vilivyoandikwa 12V. Kama chenu ni hicho, hamna haja ya nguvu mbili. Lakini kama kimeandikwa 5V, fuateni somo hili mpaka mwisho.

2. VOLTI NA AMPEA

Ninyi mnakaa chini ya milima. Mnayajua maji ya mtiririko, yashukayo kwa bomba kutoka juu bila pampu. Tanki likiwa juu sana, maji hutoka bombani kwa msukumo mkubwa. Tanki likiwa chini, msukumo ni mdogo. Volti ni kama msukumo huo.

Sasa fikirini wingi wa maji yanayopita katika bomba kwa muda mmoja. Bomba nene hupitisha maji mengi, bomba jembamba hupitisha machache. Ampea ni kama wingi huo wa maji yanayopita.

Betri moja ya tochi ni ya volti 1.5. Mkizipanga 4 kwa mstari mnapata volti 6. Mkizipanga 8 mnapata volti 12. Wengi mmekwisha kufanya hesabu hii katika redio zenu, ijapokuwa hamkuiita hesabu.

Andikeni sheria hii kwa herufi kubwa:

VOLTI IWE SAWA. AMPEA ITOSHE AU IZIDI.

Maana yake ni hii. Chombo cha volti 12 kipewe volti 12, si 19, wala 5. Lakini chombo kinachotaka ampea 1 kinaweza kupewa adapta ya ampea 3 bila kudhurika. Adapta haisukumi ampea zake kwa nguvu. Chombo chenyewe huchukua kiasi kinachohitaji, kama vile mtu achotavyo ndoo moja katika kisima kilichojaa. Ampea za adapta zikiwa pungufu, adapta hupata moto, au huzima, na mwisho hufa.

3. ADAPTA HUFANYA KAZI GANI?

Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni wa volti 230. Tena ni mkondo geu, yaani huenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Redio, simu na vibao vyenu havitaki umeme wa namna hii. Vinataka mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja, kama wa betri. Kwa hiyo adapta ina kazi mbili. Hupunguza volti, na hunyoosha mkondo.

Zamani miji ya Ruvuma kama Songea na Mbinga ilipata umeme kutoka mitambo ya dizeli. Mwaka 2018 njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika, na mkoa ukaunganishwa na gridi ya taifa. Tangu hapo nguzo zimezidi kuenea vijijini, na adapta zimeenea pamoja nazo. Ziko sokoni, madukani na kwa mafundi. Nyingi zina umbo moja na rangi moja, nyeusi. Hamwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama tu. Ni lazima mzisome.

4. TUSOME MAANDISHI YA ADAPTA

(Hapa kiongozi apitishe adapta mkono kwa mkono. Kila mtu aisome.)

Maandishi ya adapta ni madogo, tena huandikwa kwa Kiingereza. Msiogope. Yanayotuhusu ni maneno mawili na herufi mbili tu. Adapta moja inaweza kuandikwa hivi:

INPUT: 100–240V ~ 50/60Hz 0.8A
OUTPUT: 12V DC 2A

INPUT ni umeme unaoingia, yaani ule wa ukutani. OUTPUT ni umeme unaotoka, yaani ule uendao kwenye chombo chenu. Herufi V ni volti. Herufi A ni ampea. Alama ya wimbi, ~, ni mkondo geu. Herufi DC ni mkondo mnyoofu. Pengine badala ya DC huchorwa mstari mmoja, na chini yake vistari vitatu vifupi.

Ikiwa ampea zimeandikwa mA, hizo ni vipande vya ampea. 1000mA ni ampea 1. 500mA ni nusu ampea.

Tafuteni pia picha ndogo ya duara mbili na nukta katikati, yenye alama + upande mmoja na − upande wa pili. Picha hiyo huonyesha kama kati ya kichwa cha waya ni chanya au hasi. Mara nyingi kati ni chanya, lakini si siku zote. Mkigeuza chanya na hasi mnaweza kukiua chombo, hata kama volti ni sawa.

Jambo jingine: vichwa vya waya vya mviringo hufanana sana. Kichwa kile kile hutiwa kwenye adapta ya volti 5, ya 9 na ya 12. Basi kichwa kuingia katika tundu si ushahidi. Ufunguo unaweza kuingia katika kufuli lisilo lake.

5. ADAPTA ZINAZODANGANYA MACHO

Mkiuliza dukani adapta yenye nguvu mbili, mnaweza kupewa moja katika hizi tatu. Zote ni nzuri kwa kazi zake, lakini sizo mnazozitafuta.

Ya kwanza ni ile iliyoandikwa 100–240V. Mtu huona tarakimu mbili akadhani ndizo nguvu mbili. Sivyo. Tarakimu hizo ziko kwenye mstari wa INPUT. Maana yake ni kwamba adapta inaweza kuchomekwa katika nchi yenye volti 110 au katika nchi yenye volti 230. Kinachotoka ni kimoja tu.

Ya pili ni ile yenye swichi ya kuchagua: 3, 4.5, 6, 9, 12. Hiyo kweli hutoa nguvu nyingi, lakini moja kwa wakati mmoja. Ukiweka 12, huna 5. Tena ina hatari yake. Mtoto akiisogeza swichi kutoka 6 kwenda 12, chombo kinaungua.

Ya tatu ni chaja mpya ya simu iliyoandikwa 5V, 9V na 12V katika mstari wa OUTPUT. Hii hudanganya hata mafundi. Chaja hii huanza na volti 5. Haipandi mpaka simu iiombe kwa ishara ya umeme. Tena tundu moja hutoa volti moja tu kwa wakati wake. Amplifaya yenu haijui kuomba, kwa hiyo itapewa 5 tu.

(Kiongozi asimame kidogo. Wanafunzi waseme wenyewe kwa nini kila moja ya hizi tatu haifai.)

6. ADAPTA YENYE NGUVU MBILI KWELI

Adapta ya kweli ya nguvu mbili ina mistari miwili ya kutoka, nayo yote miwili hufanya kazi kwa wakati mmoja. Huandikwa hivi:

OUTPUT: 12V DC 2A
        5V DC 2A

Waya wake hauna njia mbili tu. Una njia tatu au zaidi: moja ya 12, moja ya 5, na hasi ambayo nguvu zote mbili hushirikiana. Kwa hiyo kichwa chake mara nyingi si kile cha mviringo chenye tundu moja. Huwa na pini 4 au zaidi.

Mtaipata wapi? Ulizeni kwa mafundi wa kompyuta katika miji mikubwa: Mbinga, Songea, au Kariakoo kule Dar es Salaam. Ombeni adapta ya kasha la diski kubwa ya kompyuta, ile diski inayokaa nje ya kompyuta. Diski ya namna hiyo ina injini inayotaka volti 12, na vibao vinavyotaka volti 5. Ndiyo sababu adapta yake ikatengenezwa na nguvu hizo mbili. Kasha likifa, mara nyingi adapta hubaki nzima, ikatupwa kwenye sanduku la vitu chakavu.

Kama kichwa chake ni kile kipana chenye pini 4 kwa mstari, rangi za waya kwa kawaida ni hizi: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, na nyeusi mbili ni hasi. Lakini kama kichwa ni cha mviringo chenye pini nyingi, msibahatishe. Watengenezaji hawakupanga pini kwa namna moja. Fundi na apime kila pini kwa mita kabla ya kufunga kitu chochote.

Kasha la umeme la ndani ya kompyuta ya mezani nalo hutoa 12 na 5, kwa rangi hizo hizo. Nguvu yake ni kubwa mno kwa kazi yenu. Waya zake zikigusana zinaweza kuyeyuka. Hiyo mwachieni fundi, wala msifungue kasha lake. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya plagi kutolewa.

7. NJIA YA PILI: 12 IZAE 5

Pengine mtatafuta wiki nzima msiipate adapta ya nguvu mbili. Msikate tamaa. Iko njia nyingine, nayo kwa Mbaha naiona ni bora zaidi. Nunueni adapta ya kawaida ya volti 12, iliyo rahisi kupatikana, kisha 5 itolewe katika ile 12.

Fundi anaweza kufanya hivyo kwa vitu viwili.

Kitu cha kwanza ni kidude chenye miguu mitatu, kilichoandikwa 7805. Huingizwa volti 12, hutoa volti 5. Ni rahisi kwa bei, tena kigumu. Ubaya wake ni moto. Volti 7 zinazozidi hazirudi popote. Hugeuka joto. Tufanye hesabu. Wati ni volti mara ampea. Kibao chenu kikitumia nusu ampea, joto ni 7 × 0.5, yaani wati 3.5. Lakini kazi inayopatikana ni 5 × 0.5, yaani wati 2.5 tu. Kinachopotea kinazidi kinachotumika! Kwa hiyo kidude hiki ni lazima kifungwe kwenye bati la kupoozea.

Kitu cha pili ni kibao kidogo cha kupunguza volti. Chenye alama LM2596 ni cha kawaida kwa mafundi. Hiki hukata umeme vipande vipande kwa kasi kubwa, kisha huusawazisha. Joto lake ni dogo, na kinachopotea ni kidogo. Kina skrubu ndogo ya kuzungusha ili kupanga volti zitokazo. Hapa ndipo vibao vingi vya flashi hufia. Mtu hufunga kibao kwanza, kisha ndipo akumbuke kupanga skrubu. Fanyeni kinyume chake. Pangeni kwanza, pimeni kwa mita mpaka isome 5, ndipo mfunge.

Waya hasi ya 12, waya hasi ya 5, na hasi ya amplifaya zote zikutane mahali pamoja. Zisipokutana, sauti haitapita vizuri, au italeta mngurumo.

8. HESABU YA DARASA

Chukueni penseli. Tuseme amplifaya yenu, sauti ikiwa juu kabisa, hula ampea 1.5 kwa volti 12. Kibao cha flashi hula nusu ampea kwa volti 5.

Mkiwa na adapta ya nguvu mbili, yenye 12V 2A na 5V 2A, kila mstari ulinganishwe peke yake. 1.5 ni ndogo kuliko 2. Nusu ni ndogo kuliko 2. Adapta inatosha.

Mkiwa na adapta ya 12 peke yake, hesabu ni hii. Kibao cha flashi hula 5 × 0.5, yaani wati 2.5. Kibao cha kupunguza hupoteza kidogo, basi tuhesabu wati 3.6. Gawanyeni kwa 12 mpate ampea 0.3. Jumlisheni: 1.5 na 0.3 ni 1.8. Adapta ya ampea 2 itatosha, lakini itakazwa sana. Ya ampea 3 itafanya kazi bila kuchoka. Kama bei hazipishani sana, chukueni ya 3.

9. UMEME UKIKATIKA

Sasa nitawaambia kwa nini naipenda njia ya 12 kwa watu wa ufukweni. Umeme ukikatika jioni, adapta ya nguvu mbili haina faida tena. Lakini betri ya pikipiki, au ya sola, ni ya volti 12. Wavuvi wengi katika maziwa yetu wameacha karabai, wakashika taa za betri. Basi kisanduku chenu kilichojengwa kwa 12 kinaweza kufunguliwa kwenye adapta, kikafungwa kwenye betri, na somo likaendelea. Kile kibao cha kupunguza kitaendelea kuzaa 5 kama kawaida.

Betri ya volti 12 iliyoandikwa 7Ah, ikiwa imejaa, inaweza kutoa ampea 1 kwa muda wa saa kama 7. Kwa ampea 1.8, gawanyeni 7 kwa 1.8. Mtapata chini kidogo ya saa 4. Lakini betri ya asidi haipendi kumalizwa kabisa. Tumieni nusu yake, yaani karibu saa 2. Kwa darasa moja inatosha.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, betri inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi. Msifunge kisanduku kwenye betri inayochajiwa, isipokuwa amplifaya imeandikwa kwamba inaweza kuchukua volti hizo. La pili, betri haina huruma. Waya zake zikigusana hutoa ampea nyingi mno, na waya huwaka moto. Tieni fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

10. KUJARIBU KWA MPANGO

Mwenda pole hajikwai. Kisanduku kikiwa tayari, kijaribuni kwa mpango huu:

Kwanza, chomekeni adapta peke yake, bila kisanduku. Fundi apime. Iwe karibu na 12. Adapta za zamani, zile nzito zenye transfoma kubwa ndani, zinaweza kusoma volti 16 au zaidi zikiwa hazijabebeshwa kazi. Adapta ya namna hiyo isitumiwe katika kazi hii.

Pili, fungeni kibao cha kupunguza peke yake. Pimeni. Iwe 5.

Tatu, tazameni chanya na hasi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Nne, chomoeni plagi. Fungeni kibao cha flashi. Chomekeni tena. Kikiwaka, chomoeni, ndipo mfunge amplifaya.

Tano, chezeni somo kwa nusu saa, mtu mmoja akikaa karibu. Kisha chomoeni na mguse adapta. Vuguvugu si neno. Ikiwa mkono hauwezi kukaa juu yake, au kuna harufu ya plastiki, msiitumie tena.

Msiifunike adapta kwa kitambaa. Msiiweke karibu na makuti wala nyavu zilizolowa. Msiishike kwa mikono yenye maji ya ziwa. Wala mtu yeyote asiifungue. Volti 12 hazimdhuru mtu kwa kuguswa, lakini ndani ya adapta mna volti 230, nazo huua. Mnaponunua, tafuteni iliyo nzito kiasi, yenye maandishi yaliyo wazi, na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Isiyo na maandishi yoyote iacheni dukani. Bubu hawezi kukuambia atakutolea nini.

Ndugu wanafunzi, wako watu wanaouliza, "Mimi ni mtu mzima, kusoma kutanifaa nini?" Leo mmepata jibu moja. Mistari miwili ya maandishi nyuma ya adapta imetenganisha kisanduku kinachosema na kisanduku kilichoungua. Fundi atawafungia waya, lakini kusoma ni kwenu. Mkifika dukani, geuzeni adapta, tafuteni OUTPUT, someni V, someni A, ndipo mtoe fedha.

MASWALI YA DARASA

1. Adapta imeandikwa INPUT 100–240V, OUTPUT 9V 1A. Je, hutoa nguvu ngapi? Ni volti ngapi?

2. Amplifaya inataka 12V na ampea 1. Dukani kuna adapta tatu: 12V 500mA, 12V 3A, na 19V 3A. Mtachukua ipi? Kwa nini mnaziacha nyingine?

3. Betri ngapi za tochi zikipangwa kwa mstari hutoa volti 9?

4. Kwa nini skrubu ya kibao cha kupunguza hupangwa kabla ya kufunga kibao cha flashi?

5. Kazi ya nyumbani: Kila mmoja asome maandishi ya adapta moja au chaja moja nyumbani kwake au kwa jirani, bila kuifungua. Aandike katika daftari volti na ampea zinazotoka. Siku ya darasa tutayaandika yote ubaoni.

MANENO YA LEO

Volti: msukumo wa umeme.
Ampea: wingi wa umeme unaopita.
Wati: volti mara ampea, kiasi cha kazi ya umeme.
Mkondo geu: umeme uendao na kurudi, kama wa ukutani.
Mkondo mnyoofu: umeme uendao upande mmoja, kama wa betri.
Fyuzi: kidude kinachokatika ili waya usiungue.

Kiongozi, sasa darasa ni lako. Wenye maswali wasione haya, kuuliza si ujinga. Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.